Fulana ya Kata ya Mabatini

Siku ya kura ya kuuvunja Mfuko wa Kivuli, madiwani wa Jiji la Luhombe waliingia chumba changu cha ufundi wakicheka. Hicho ndicho kilichonikera kuliko yote. Mtu anayekwenda kuwanyang'anya watu kivuli angalau angenyamaza, angejitia huzuni kidogo usoni. Hawa walikuwa wakibishana kuhusu mechi ya jana na kuulizana kama chakula cha mchana kitakuwa pilau.

"Injinia Asteria, leo nipe ya baridi," alisema diwani mmoja mwembamba huku akivua koti. "Nina mafua."

"Fulana ni ya kata yako, Mheshimiwa. Ukitaka ya baridi, kaipoze kata."

Alicheka akainua mikono nimvalishe. Nilipandisha zipu haraka kuliko ilivyohitajika, akaguna, nami sikuomba radhi.

Kuwavalisha ndiyo ilikuwa kazi yangu. Fulana zilining'inia ukutani, kila moja imeshonwa jina la kata yake. Ndani ya kitambaa mlikuwa na mirija myembamba kama tambi, na ndani ya mirija maji. Katika kila kata tulikuwa tumefunga kipimo kwenye nyumba yenye joto kali kuliko zote, nacho kilituma joto la nyumba ile mpaka kwenye maji ya fulana, saa ileile. Diwani aliyeketi ukumbini chini ya kiyoyozi alipata kifuani na mgongoni joto la chumba cha mpigakura wake. Sheria iliyouanzisha Mfuko haikumung'unya maneno: hakuna kura juu ya fedha za kivuli bila fulana, na anayeivua kabla ya uamuzi amepoteza kura yake.

Waliotunga sheria hiyo walikuwa wametoka kuzika. Kiangazi cha miaka ile kiliua watu mpaka mbao za majeneza zikaadimika, nao walijua kwamba watakaokuja baada yao watasahau. Kwa muda fulana zilifanya kazi yake. Madiwani waliingia wagumu, wakatoka wamepitisha miti ya mlimani, chokaa ya mabati, mabwawa ya mitaani na njia zenye paa la mimea kutoka sokoni hadi hospitali. Kisha diwani mmoja akazimia kikaoni, akakimbizwa zahanati, na wenzake wakapata kisingizio walichokuwa wakikitafuta siku zote. Wakapitisha kizuizi: fulana isizidi nyuzi thelathini na nne. Kikao hicho, kwa taarifa yako, kilifanyika bila fulana.

Nyuzi thelathini na nne ni asubuhi njema ya Jumapili. Kule Mabatini, kata ya Mstahiki Meya mwenyewe, nyumba yenye kipimo ilikuwa ikifika arobaini na tatu. Naijua nyumba hiyo kwa sababu ni ya mama yangu. Baba alifia humo kiangazi kilichopita, ameketi kwenye kiti chake, wakati mtaa wao ukisubiri zamu ya kupakwa chokaa. Mfuko ulikuwa umeahidi kwamba Mabatini itafikiwa mwaka huu. Leo ndiyo walikuwa wanakwenda kuuvunja, fedha zote zihamie kwenye barabara ya juu.

Diwani wa mwisho kuvaa alikuwa Mama Fausta Mbiki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Yeye ndiye aliyekuwa akiutetea Mfuko tangu nikiwa chuoni. Alisubiri wenzake watoke, akasogeza kichwa karibu na changu.

"Umekitoa?"

"Nimekitoa, Mama. Tangu asubuhi."

Kizuizi nilikuwa nimekifungua kabla sijafungua hata milango. Ni kosa la jinai, nami nilikuwa nikilijua hilo vizuri sana. Kwenye kishikwambi changu kizuizi kilikuwa alama moja tu, kijani kikifungwa na nyekundu kikifunguliwa. Kilikuwa kimoja kwa fulana zote, kwa sababu waliousanifu mtambo waliogopa kwamba fundi atampendelea diwani mmoja au kumkomoa mwingine. Ukifungua, umewafungulia wote.

"Kuna mtu anaweza kuumia," nilimwambia.

"Watu wanaumia kila siku, mwanangu. Leo ni zamu ya wenye vipaza sauti." Akajifunga zipu mwenyewe. "Mimi katika kata yangu nimesimamia mazishi mpaka padri ananitania kwamba nimehamia makaburini. Usiniambie habari za kuumia."

Alipotoka, Meya akaingia.

Gaudensi Mloka alikuwa mzee mrefu, mwenye mvi zilizochongwa vizuri na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kusubiri foleni. Alivua koti akalitundika mwenyewe, akanipa mgongo.

"Bado unanichukia, Injinia?"

"Sana, Mstahiki Meya."

"Afadhali wewe. Wenzako wananichekea." Aliingiza mikono kwenye fulana ya Mabatini. "Hebu nikuambie kitu ambacho sitakisema kule ndani. Mti wako unachukua miaka ishirini kutoa kivuli. Uchaguzi ni mwakani. Barabara ya juu hata mlevi anaiona."

"Baba yangu alifia Mabatini."

"Najua. Nilikuja msibani."

"Ulikuja na wapiga picha."

Alinitazama kupitia kioo cha ukutani, tabasamu likipungua kidogo. "Joto la Luhombe ni la kawaida," alisema. "Lilikuwepo kabla yangu, litakuwepo baada yangu. Watu wamezoea. Funga zipu, mama, tunachelewa."

Nilifunga. Moyoni nilikuwa nikisema, leo utayajua mazoea yenyewe.

*

Nilikuwa nimefikiria mambo mengi kabla ya kukitoa kile kizuizi. Nilifikiria mioyo yao, shinikizo la damu, umri. Nilipiga hesabu za kiyoyozi cha ukumbi na muda wa mjadala nikaona kwamba mtu mzima mwenye afya ataumwa kichwa, atachukia, atakunywa maji mengi, atarudi nyumbani. Mgolole sikuufikiria.

Kikao kilipofunguliwa tu, wazee wa Mabatini waliingia kwa vigelegele. Walikuwa wameletwa na basi la halmashauri kuja kumsimika Meya kuwa chifu wa maendeleo. Mambo haya huwa hayaishi mwaka wa kabla ya uchaguzi. Walimpa kigoda, wakampa fimbo, halafu wakamvisha mgolole, lile shuka zito la kichifu, wakaufunga begani na kumzungushia mwili mzima mara mbili. Kila mtu alipiga makofi. Mimi nilisimama kutoka kwenye meza yangu ya ufundi pembeni ya jukwaa, nikakaa tena.

Fulana ina matundu mgongoni. Pampu inayozungusha maji huwa inapata moto, na moto huo hutokea pale. Ukiyaziba, joto linarudi ndani ya maji, na fulana inaipita nyumba inayoipima. Wakati wa kizuizi jambo hilo halikuwa na maana, kwa sababu mtambo ungejikata wenyewe. Leo hakukuwa na cha kuukata. Na mgolole ukishavishwa na wazee hauvuliwi mbele yao. Ukiuvua, umewatemea mate, na wazee wale walikuwa wameketi safu ya mbele, mikono juu ya fimbo zao, wakimtazama chifu wao mpya.

Meya, ambaye pia ndiye mwenye kiti, alisoma hoja yake kwa sauti nzuri. Barabara ya juu, alisema, ni heshima ya jiji. Mfuko wa Kivuli ulikuwa umefanya kazi yake na tunaushukuru. Wenzake wakagonga meza.

Halafu joto likaanza kuwaingia.

Kwanza walilegeza tai. Kisha vicheko vikaisha, kimoja kimoja. Yule wa mafua alianza kujipepea kwa karatasi za ajenda. Mwingine aliinuka, akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, hivi leo hizi fulana..." Akakwama. Nilimwona akiitafakari sentensi yake. Akisema fulana ina moto, amesema kata yake ina moto, na kikao hiki kiliitishwa kusema kwamba hakuna moto. Akaketi. Nilifurahi.

Mama Fausta alisimama. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni naye hakulifuta.

"Waheshimiwa, hiki mnachokisikia kifuani, mama mwenye mtoto mchanga analala nacho. Hana kiyoyozi juu ya kichwa. Hana glasi ya maji iliyoletwa na mhudumu. Nyinyi mmekivaa asubuhi hii tu na tayari hamtazamani usoni. Basi piga kura yako ukiwa umekivaa, tuone."

Diwani mmoja wa upande wa Meya, mfanyabiashara wa saruji ambaye barabara ya juu ingemneemesha, aliomba nafasi. "Mimi nilikuja kusema ndiyo," alisema, akihema. "Naomba nikae kwanza nifikiri." Hakuna aliyemzomea.

Ilikuwa inafanya kazi. Ukweli ulikuwa unafanya kazi mbele ya macho yangu, bila hotuba ya mtaalamu yeyote, kwa njia ya ngozi tu. Nikageuza macho kwenye kishikwambi kuangalia fulana ya Mabatini.

Nyumbani kwa mama ilikuwa arobaini na tatu. Fulana ya Meya ilikuwa arobaini na sita, nayo ilikuwa ikipanda.

Nilimtazama. Alikuwa ameketi wima juu ya kigoda chake, mgolole umemkaba mpaka kidevuni, na uso wake ulikuwa mkavu. Madiwani wote walikuwa wameloa, yeye alikuwa mkavu. Mama aliwahi kunisimulia kwamba baba naye, mwishoni, aliacha kutoka jasho, na yeye akadhani ni nafuu.

Nilijaza glasi maji nikapanda jukwaani, nikainama kama mhudumu.

"Mstahiki Meya, vua huo mgolole."

"Mbele yao?" Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Una wazimu."

"Utakufa hapa. Basi sema kuna joto. Sema tu, nipunguze, mbele ya watu wote. Sema Mabatini kuna joto."

Aligeuza shingo polepole akanitazama. Macho yalikuwa mekundu, lakini yule mtu alikuwa bado yumo ndani yake, mzima, na dharau yake yote.

"Joto gani?" alisema.

Nikarudi kwenye meza yangu. Maji hakuyagusa.

*

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Meya alilisema kwa taabu, huku akijishikiza kwenye fimbo ya wazee. Ndiyo zilizotoka zilikuwa chache na dhaifu, nyingine zilikufa mdomoni.

"Wasioafiki waseme siyo."

Siyo yao niliisikia ikitikisa meza yangu. Sauti ya Mama Fausta ilikuwa juu ya zote, lakini hata yule wa mafua alipiga kelele, hata mwuza saruji. Wazee wa safu ya mbele waligeuka nyuma kuangalia kulikoni.

Kilichobaki kilikuwa tamko tu. Kwa kanuni zetu, kura ya sauti haina idadi. Uamuzi ni ule anaoutamka mwenye kiti. Kila Mtanzania aliyewahi kukaa kikaoni anajua kiti hutamka nini. Hata ndiyo iwe mnong'ono na siyo ing'oe paa, kiti kitasema, nadhani walioafiki wameshinda. Lakini lazima kitamke. Kisipotamka, hoja imekufa, na hairudi mpaka bajeti nyingine. Mpaka bajeti nyingine mabati ya mama yangu yangekuwa meupe.

Meya alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Ukumbi ulisubiri. Wengi walidhani anatafuta maneno ya kuwakebehi, alikuwa na tabia hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa na mapigo ya moyo wake kwenye kishikwambi, jinsi fulana ilivyoyapima, yakikimbia, yakiruka, yakikimbia tena. Kidole changu kilikuwa juu ya alama nyekundu. Nikiigusa, maji yangepoa kwa wote, naye angezinduka na kutamka lile analotamka siku zote. Nisipoigusa, ilikuwa ni suala la kusubiri tu. Hakuna ambaye angejua. Mzee amezidiwa, wangesema, kazi nyingi, Mungu amempenda zaidi.

Niliinua macho nikakutana na ya Mama Fausta. Alikuwa ameelewa. Alitazama jukwaani, akanitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu. Midomo yake ikasema bila sauti: acha, usiguse.

Nilimchukia yule mzee. Nalisema wazi ili mtu asinipe sifa nisiyostahili. Nilimtazama akifa na nikajisikia raha, raha ya maji ya mtungi mchana wa jua kali. Nilifikiria mitaa yote ya Mabatini, watoto wote ambao wangelala vizuri, dhidi ya mtu mmoja aliyekataa kusema neno moja. Hesabu haikuwa ngumu hata kidogo.

Halafu mkono wake ukatoka ndani ya mgolole, ukaanza kupapasa hewani pembeni ya kigoda, ukitafuta mahali pa kushika. Kigoda hakina mikono. Ukapapasa tena.

Ningependa kusema kwamba niliamua. Sikuamua chochote. Kidole kilishuka chenyewe na alama ikawa kijani.

Nilisikia pampu zote ukumbini zikibadili mlio kwa pamoja. Madiwani walishusha pumzi kama darasa lililoambiwa likae. Mkurugenzi wa jiji alimkimbilia Meya na maji, safari hii akanywa, mengine yakamwagikia mgolole. Alikaa ameinamisha kichwa muda mrefu. Mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa sauti kama chifu anaumwa.

Meya akainua kichwa.

"Nadhani," alisema, akakohoa, "nadhani walioafiki wameshinda."

Mama Fausta aliruka kama aliyeungua. "Kuhusu utaratibu! Naomba kura ihesabiwe! Kila mtu humu ndani amesikia!"

"Wanaotaka ihesabiwe wasimame. Wakifika nusu, tutahesabu."

Alisimama yeye. Wakasimama wachache wa upande wake, wale wa siku zote. Nilimtazama yule wa mafua, aliyekuwa amepiga kelele ya siyo sasa hivi tu. Alikuwa akikaza tai yake. Mwuza saruji alifuta paji la uso, akaangalia kitambaa chake, akakikunja vizuri, akakaa. Fulana zilikuwa nyuzi thelathini na nne. Asubuhi njema ya Jumapili. Nikaelewa kwamba nilipompoza mmoja nilikuwa nimewapoza wote, na kwamba kile nilichokuwa nimekiita ukweli kiliwaingia kwenye ngozi tu, kikatoka na jasho.

"Hawatoshi," alisema Meya. "Kiti kimeamua."

Mama Fausta alipita mbele ya meza yangu akitoka. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

"Ulikuwa umeushika Mfuko, Asteria," alisema. "Ulikuwa umeushika mkononi."

*

Walirudisha fulana harakaharaka, pilau ilikuwa tayari. Nilizitundika moja baada ya nyingine bila kumtazama mtu. Meya alikuja wa mwisho, peke yake, nywele zimelowa, mgolole ameukunja juu ya mkono. Alifunga mlango nyuma yake.

"Ulikitoa kizuizi."

"Ndiyo."

"Kifungo cha jela hicho."

"Najua. Waite polisi, nimechoka."

Hakuita mtu. Aliketi kwenye stuli yangu, taratibu, kama mgonjwa. Niliuona uzee wake wote. Hakunitia huruma.

"Nilikuwa nakuona," alisema. "Mdomo haukufunguka, lakini macho yalikuwa yanaona. Nilikuona na kidole chako pale. Nikamwona na yule mama akikutikisia kichwa. Ungesubiri kidogo tu, Injinia. Mfuko wako ungekuwa hai na mimi nisingekuwepo."

"Najua."

"Kwa nini hukusubiri?"

"Sijui," nilisema, na hasira zikanitoa machozi, mbele yake, mtu niliyeapa hatayaona. "Sijui! Nakuchukia hata sasa. Ungekufa ningekula pilau ya msiba wako."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka.

"Nisikilize. Sitakushitaki, na hakuna atakayejua. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, nitauongeza. Mwakani naleta hoja ya msitu wa mlimani. Kuna watu wanataka kujenga hoteli. Kelele zitakuwa kubwa kuliko za leo, na nikimleta fundi mwingine hapa sitaujua moyo wake. Wako sasa naujua." Alijifungua zipu, akaivua fulana ya Mabatini, akaipangusa jasho kwa kiganja. "Nitakaa kwenye kile kiti bila wasiwasi wowote. Najua nani yuko kwenye swichi."

Alinyoosha mkono kunikabidhi. Kwenye kishikwambi, juu ya meza, nyumba ya mama ilikuwa imepanda tena. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, mengine mabaya sana, nilikuwa nimeyatunza tangu msibani.

Nilipiga goti kidogo, nikaipokea fulana kwa mikono miwili, kama mama alivyonifundisha kupokea kitu kwa mkubwa.

"Ahsante, Mstahiki Meya," nikasema.